Maji Kwanza au Imani Kwanza?

Nyumba ninayokaa huko Kisauni ina vyumba sita, ua mmoja na bomba moja la maji. Katika ua huo twaishi Waislamu na Wakristo, na miaka yote hiyo hatujapata kugombana kwa sababu ya dini. Ugomvi wetu huwa ni juu ya zamu ya maji, kamba ya kuanikia nguo, na watoto wapigao mpira madirishani. Lakini hivi majuzi ulizuka mzozo wa dini katika ua wetu, na la ajabu ni kuwa haukuwa baina ya Mwislamu na Mkristo. Ulikuwa baina ya Mkristo na Mkristo, tena mama na bintiye wa kumzaa.

Binti huyo ni jirani yetu, mwenyeji wa Taita, na alikuwa amejifungua mtoto wa kiume. Mamake akateremka kutoka milimani kuja kumwona mjukuu. Katika kapu lake alikuwa na kinguo cheupe chenye marinda, kilichokunjwa vizuri ndani ya karatasi. Akatueleza sisi wa uani kuwa watoto wake wote sita walibatizwa katika kinguo kile kile, katika kanisa la Kianglikana la kijijini kwao, na sasa ni zamu ya mjukuu. Binti akanyamaza kimya. Usiku tukasikia sauti zikipanda. Binti alikuwa amekwisha kuhama kanisa la mamake na kuingia kanisa la walokole, na huko mtoto mchanga habatizwi. Huombewa tu mbele ya watu, akawekwa wakfu kwa Mungu, na maji humngojea mpaka atakapokuwa na akili na kuamini mwenyewe.

Mambo yangalikwisha kwa kununiana tu, lau mtoto asingepata homa. Alilazwa hospitali siku saba, kifua kikimbana. Jioni moja baada ya Magharibi yule bibi akaja mlangoni kwangu. Akasema, "Mzee, wewe ni mtu mzima, na huyu binti akuheshimu kama babake. Mwambie akubali padri aje. Mtoto huyu akifa bila maji, mimi nitamjibu nini Mungu?" Asubuhi ya pili binti naye akanijia, macho mekundu kwa kukosa usingizi. "Baba," akasema, "nikikubali kwa sababu ya kuogopa tu, si nitakuwa namdanganya Mungu? Maji bila imani ni kuoga tu."

Basi nikajikuta mimi, Mwislamu, nimewekwa katikati ya shauri ambalo Wakristo wenyewe wamelishindania kwa karne nyingi. Nilichowajibu nitakieleza mwisho. Kwanza nataka msomaji tulitazame jambo hili pamoja, kwani wengi wetu wa pwani twaishi ukuta kwa ukuta na watu hawa na hatujui kinachowagawa.

Ubatizo, ndugu msomaji, ndio mlango wa kuingilia dini ya Kikristo. Wakristo wasema desturi hiyo yatokana na Nabii Yahya (A.S.), ambaye wao humwita Yohana Mbatizaji, aliyekuwa akiwazamisha watu katika mto wa Yordani kama alama ya kutubu. Hapo hawahitilafiani. Wanapohitilafiana ni juu ya nani apewe maji hayo, na lini.

Upande mmoja wako Wakatoliki, Waorthodoksi, Waanglikana, Walutheri, Wamethodisti na Wapresbiteri. Hawa huwabatiza watoto wachanga wa waumini wao. Wazazi, pamoja na baba na mama wa ubatizo, husema imani kwa niaba ya mtoto. Kwa Wakatoliki na Waanglikana, mtoto akikua hupewa kipaimara, ndipo athibitishe mwenyewe yale aliyosemewa. Upande wa pili wako Wabaptisti, Wamennonite, Waadventista wa Sabato na makanisa mengi ya Kipentekoste. Hawa wasema kuwa mtu hawezi kuamini kwa ulimi wa mwenziwe, na kwa hiyo hubatiza mwenye kufahamu tu, na kwa kawaida humzamisha mwili mzima. Tena wako wa tatu, wasiobatiza kwa maji kabisa: Jeshi la Wokovu na Marafiki, wale waitwao Wakweka, ambao ni wengi sana huko Magharibi ya Kenya. Kwao yatosha ubatizo wa moyoni.

Kila upande una hoja zake, na si hoja za kipuuzi. Wabatizao watoto husema kuwa katika maandiko yao mna habari za watu waliobatizwa pamoja na nyumba zao nzima, na nyumba haikosi watoto. Tena wasema kuwa wana wa Israili waliwatahiri watoto siku ya nane, bila ya kuwauliza, nao wakawa katika agano. Kwa nini watoto wa Wakristo wawe nyuma ya watoto wa Mayahudi? Wapingao hujibu kuwa hakuna mahali katika maandiko hayo panapotajwa waziwazi kitoto kilichobatizwa, na kwamba kila mara kuamini hutangulia na maji hufuata. Na nyumba nzima, wasema, yaweza kuwa nyumba ya watu wazima.

Ukitazama historia waona kuwa hata wale wa kale hawakuwa na neno moja. Mnamo mwaka 200 hivi, katika mji wa Karthago, ulio katika nchi iitwayo leo Tunisia, mwanachuoni wa Kikristo jina lake Tertullian aliandika kuwa ni heri kuchelewesha ubatizo, hasa wa watoto wadogo, mpaka wajue wanachokiomba. Kwa kupinga kwake twajua kuwa tayari wako waliokuwa wakiwabatiza watoto. Miaka hamsini hivi baadaye, katika mji huo huo, askofu Cyprian na maaskofu wenzake 66 walikaa kujibu swali la mmoja wao aliyeitwa Fidus. Huyo hakuwa akikataa watoto wabatizwe. Aliuliza tu kama haifai kungoja siku ya nane, kama ilivyo tohara. Wakamjibu kuwa haifai kungoja hata siku hizo.

Lakini katika karne ya nne wengi walingoja, na walingoja sana. Kaisari Konstantino, mtawala wa kwanza wa Kirumi kuikumbatia dini hiyo, alibatizwa mwaka 337 akiwa katika maradhi yaliyomwua. Watu waliogopa kutumia maji mapema, maana madhambi ya baada ya ubatizo yalionekana mazito zaidi. Mwafrika mwingine, Augustine, aliyezaliwa mwaka 354 katika nchi ambayo sasa ni Aljeria, asimulia kuwa alipokuwa mtoto alishikwa na maradhi ya tumbo karibu afe. Akaomba abatizwe, na mamake, mwanamke mcha Mungu, akaanza kutayarisha. Mara mtoto akapata nafuu, na ubatizo ukaahirishwa. Hakubatizwa mpaka mwaka 387, huko Milan, naye ni mtu wa miaka thelathini na zaidi.

Niliposoma habari hiyo nilimkumbuka yule bibi wa Taita. Miaka elfu moja na mia sita imepita, na hofu ni ile ile: mtoto mgonjwa, mama mwenye wasiwasi, na maji.

Ajabu ni kwamba Augustine huyo huyo, aliyecheleweshwa, ndiye aliyekuja kuifunga hoja. Alifundisha kuwa dhambi ya Adam hurithiwa na kila mwanadamu, na kuwa hata kitoto cha siku moja kina haja ya kuoshwa. Mkutano wa maaskofu uliofanyika Karthago mwaka 418 ukapitisha kuwa watoto wachanga hubatizwa kweli kwa ajili ya kuondolewa dhambi. Tangu hapo, katika Ulaya ya Magharibi, kungoja kukawa ni hatari. Wakunga walifundishwa maneno ya kubatiza ili mtoto asife kabla padri hajafika. Na kwa wale waliokufa bila maji, wanachuoni wa zama za kati wakatafuta mahali pa kuwaweka, mahali pasipokuwa na adhabu wala pepo, wakapaita limbo. Mwaka 2007 tume ya wanazuoni wa Kikatoliki ilitoa waraka kwa idhini ya Papa Benedict wa 16, ikasema kuwa kuna sababu nzuri za kutumaini kuwa watoto hao huokolewa na rehema ya Mungu. Ikaeleza pia kuwa limbo haijapata kuwa fundisho ambalo muumini amelazimishwa kulishika. Sijui akina mama wangapi walikufa na majonzi kabla ya waraka huo.

Mzozo huu ulipofika mwaka 1525 ukaingia damu. Katika mji wa Zürich, Uswisi, kiongozi wa kanisa Huldrych Zwingli alikuwa amejitenga na Papa. Vijana waliokuwa wanafunzi wake wakamwambia kuwa ameishia njiani, kwani bado anabatiza wasioamini. Baraza la mji likaamuru kila mtoto abatizwe katika muda wa siku nane, na asiyetaka ahame. Usiku wa tarehe 21 Januari mwaka huo vijana hao wakakusanyika katika nyumba moja, na Conrad Grebel akambatiza George Blaurock, mtu mzima aliyekwisha kubatizwa utotoni. Watu wakawaita Waanabaptista, yaani wabatizao mara ya pili. Wenyewe walilikataa jina hilo, kwa kuwa ule wa utotoni hawakuuhesabu kuwa ni ubatizo.

Tarehe 5 Januari 1527 mmoja wao, Felix Manz, alifungwa mikono na magoti akatoswa katika mto Limmat mpaka akafa. Yaani aliyetaka maji aliuawa kwa maji. Mwaka 1529 wakuu wa dola ya Ujerumani wakakutana katika mji wa Speyer wakapitisha hukumu ya kifo kwa kila anayebatiza tena. Wakatoliki na Waprotestanti, waliokuwa hawasikilizani kwa lolote, waliafikiana katika hilo.

Kwa nini serikali iogope maji kiasi hicho? Hapa ndipo penye kiini, na ndipo ninapomwomba msomaji atulie. Katika nchi zile ubatizo haukuwa jambo la msikitini, kama tungesema sisi. Ulikuwa ni uraia. Kitabu cha ubatizo ndicho kilichomjulisha mtawala nani kazaliwa, nani ni wake, nani wa kutozwa ushuru na kuitwa vitani. Anayesema kuwa mtoto si wa kanisa mpaka aamue mwenyewe, alikuwa akisema pia kuwa mtu si mali ya mtawala tangu tumboni. Hilo watawala hawakulivumilia.

Jeraha hilo limechukua karne tano kupona. Mwaka 2004 kanisa la Zürich liliomba msamaha, na jiwe la ukumbusho likawekwa kando ya mto huo. Mwaka 2010, katika mkutano wao huko Stuttgart, Walutheri wa dunia nzima waliwaomba msamaha Wamennonite, ambao ni wajukuu wa vijana wale. Na tarehe 29 Mei 2025 Wamennonite kutoka pembe zote za dunia walikusanyika Zürich kuadhimisha miaka 500. Msidhani kuwa hao wako mbali nasi. Wamisheni wao walifika Shirati, kwenye Ziwa Viktoria upande wa Tanganyika, mwaka 1934, na leo wako Kenya na Tanzania kwa maelfu.

Hata hivyo mzozo wenyewe haujakwisha. Mwaka 1943 Karl Barth, mwanachuoni mkubwa wa Kiprotestanti wa Uswisi, aliwashtua wenziwe aliposema kuwa ubatizo wa watoto hauna msingi. Mwaka 1980 Vatikani ilitoa maagizo kuwa watoto waendelee kubatizwa, lakini ikaongeza kuwa pasipokuwa na ahadi ya kweli ya kumlea mtoto katika dini, ubatizo waweza kucheleweshwa. Mwaka 1982 wajumbe wa makanisa mengi walikutana Lima, Peru, wakaandika waraka wa kuzisogeza pande mbili, na kuomba kanisa moja lisibatize tena aliyebatizwa na jingine. Ombi hilo halifuatwi kila mahali. Hapa kwetu walokole wengi huwabatiza upya watu wazima waliobatizwa utotoni, na ndipo wazee wao huona wametukanwa.

Huko Ulaya siku hizi jambo hili limeingia mahakamani. Kuna watu waliobatizwa wachanga ambao wamekua, wameacha dini, na sasa wataka majina yao yafutwe katika vitabu vya kanisa. Mwishoni mwa mwaka 2023 mamlaka ya ulinzi wa habari za watu huko Ubelgiji iliamua kwa faida ya mlalamikaji mmoja dhidi ya dayosisi ya Ghent. Februari 2024 baraza kuu la sheria la Ufaransa likaamua kinyume chake, kuwa kanisa laweza kuliacha jina kitabuni, bora liandike pembeni kuwa mtu huyu amejitoa. Ireland nako, mpaka mwaka 2018, shule ya msingi ya Kikatoliki iliyojaa iliweza kumtanguliza mtoto aliyebatizwa na kumwacha asiyebatizwa, na wazazi wasio na dini walikuwa wakibatiza watoto ili wapate nafasi ya shule. Sheria ikaondoa mlango huo mwaka huo. Mwaka huo huo rais wa zamani wa nchi hiyo, Mary McAleese, ambaye ni Mkatoliki, alilalamika kuwa kitoto kinachobatizwa ni kama askari aliyeandikishwa kwa nguvu.

Sisi watu wa pwani tukisikia habari za shule na ubatizo hatuna haja ya kwenda Ireland. Wazee wetu walikaa miaka mingi wakiwazuia watoto wasiende katika shule za misheni, si kwa kuchukia elimu, bali kwa kuogopa mtoto atatoka na jina jipya. Hofu hiyo haikuwa ndoto. Katika shule nyingi za zamani jina la ubatizo ndilo lililokuwa jina la shule, na cheti cha ubatizo kilitumika mara nyingi kama ushahidi wa umri. Aliyekuwa hana, alionekana hana pa kuanzia. Gharama ya hofu ile twailipa hadi leo katika hesabu ya wasomi wetu.

Na kuna kisa kikubwa zaidi, nacho kiko katika kuta za Ngome ya Yesu tunazopita kila siku. Sultani Hassan wa Mombasa aliuawa mwaka 1614 baada ya kukosana na Wareno. Mwanawe Yusuf, mtoto mdogo, akachukuliwa akapelekwa Goa, akalelewa na mapadri wa Kiagustino, akabatizwa, akaitwa Dom Jerónimo Chingulia. Akakua Mreno kwa mavazi na kwa lugha, na mwaka 1626 akarudishwa Mombasa kuwa mtawala. Wareno walidhani kazi imekwisha. Inasimuliwa kuwa alionekana usiku akiomba kwenye kaburi la babake kwa desturi ya Kiislamu. Mwezi wa Agosti 1631 aliingia ngomeni na watu wake, akamwua kapiteni, akaukana Ukristo, na Wareno pamoja na Waafrika Wakristo zaidi ya mia moja wakauawa. Mwaka uliofuata aliuhama mji, akawa mtu wa baharini mpaka kufa kwake.

Wazee wengine husimulia kisa hicho kwa fahari. Mimi siwezi. Waliouawa walikuwemo wanawake na watoto wasio na hatia, na dini yetu hairuhusu hilo. Lakini sioni haki pia kukianza kisa mwaka 1631. Kilianza pale mtoto yatima alipoandikwa katika kitabu ambacho hakukiomba, na watu waliomwulia babake. Maji yalimpata mwilini, lakini moyo wake haukuulizwa. Na tofauti yake na yule mtoto wa uani kwetu ni kuwa huyu wetu, kwa maji au bila maji, yuko mikononi mwa wamzaao na wampendao.

Nikiwa katika fikira hizo nilikwenda jioni moja mpaka Nyali, kwenye ukumbusho wa mmisheni Krapf. Huyo alifika Mombasa mwaka 1844, na katika Julai ya mwaka huo huo akamzika mkewe Rosine na mtoto wao mchanga wa kike. Kutoka hapo si mbali na Kengeleni, kwenye kengele ya Frere Town, mji waliowekwa watumwa waliokombolewa tangu mwaka 1875. Wengi wao walitolewa majahazini wakiwa watoto, wakabatizwa na kupewa majina. Wako waliolishukuru jina hilo maisha yao yote na kulirithisha. Yusuf alilitupa. Maji ni yale yale, ya kanisa, na watoto wote hawakuulizwa. Basi si maji peke yake yaliyoamua, bali malezi yaliyofuata na jinsi mtoto alivyofikishwa pale.

Sasa tujigeukie sisi wenyewe, kwani ni rahisi kutazama ua wa jirani. Katika Sura ya Baqara kuna aya ya 138 inayotaja rangi ya Mwenyezi Mungu, na wafasiri kadhaa wameeleza kuwa ni jawabu kwa Wakristo waliokuwa wakiwachovya watoto wao majini na kusema sasa wametakasika. Maana yake ni kuwa rangi ya kweli haitiwi kwa maji. Na Mtume wetu (S.A.W.) ametufunza kuwa kila mtoto huzaliwa katika umbile safi, kisha wazaziwe ndio wamgeuzao. Kwetu mtoto hana dhambi ya kuoshwa, wala kalamu haimwandikii mpaka abaleghe. Mimi mwenyewe nimezika mtoto wa siku arobaini. Nililia kama baba yeyote, lakini sikuwa na lile swali la bibi wa Taita. Maalim alinishika mkono akaniambia mtoto yuko salama kuliko mimi, nikalala. Hiyo ni neema ambayo sikuijua thamani yake mpaka nilipomwona mwanamke mwingine hana.

Lakini tusijisifu kupita kiasi. Sisi nasi twamwadhinia mtoto sikioni akiwa hajakauka, twamchinjia akika siku ya saba, twamnyoa, twampa jina, twamtahiri, na hatumwulizi. Tofauti ni kuwa hatusemi kwamba mambo hayo ndiyo yamemfanya Mwislamu. Ni haki za mtoto juu ya wazazi. Hata hivyo, wangapi kati yetu hutimiza akika ya kuku na mbuzi na pilau, kisha mtoto afika miaka kumi na mitano hajui maana ya shahada anayoitamka? Hoja ya walokole, kwamba lazima mtu aamini kwa moyo wake mwenyewe, ni hoja ambayo maalim wetu wa chuoni wangeitia mkazo tungeona faida yake. Na hoja ya wale wa zamani, kwamba mtoto haachwi nje ya nyumba mpaka ajue kubisha hodi, nayo twaifuata sote, maana hakuna mzazi amleaye mtoto bila lugha ati akikua achague. Mtoto hupewa kwanza, kisha huja siku ya kushika mwenyewe au kuachilia. Makosa ni kuidharau moja ya siku hizo mbili.

Yabaki niliyowajibu majirani zangu. Kwa yule bibi nilisema: "Mama, mimi si wa dini yenu, siwezi kukuhukumia. Lakini Mungu unayemwogopa ndiye huyo huyo unayemwita Mwenye rehema. Hata Roma wenyewe wamesema watoto hawa watumainiwe." Akanitazama sana, akasema, "Mimi si wa Roma." Nikakosa la kuongeza. Kwa binti nilisema: "Mwanangu, imani yako ni yako, na mtoto ni wako. Lakini kinguo kile usikicheke. Kimewachukua ninyi sita mpaka kwa Mungu kwa jinsi mamako alivyojua."

Mtoto alipona, alhamdulillahi. Binti hakukubali padri, na bibi hakukubali kuwa amekosea. Lakini Jumapili mtoto alipokwenda kuombewa katika kanisa la walokole, bibi alikwenda pia, akakaa mstari wa nyuma. Na mtoto alikuwa amevaa kile kinguo cheupe. Binti mwenyewe ndiye aliyemvika.

Bibi amekwisha kurudi kwao na kinguo chake kapuni. Wasemaye kuwa mambo yamekwisha wanajidanganya, kwa maana kila mmoja bado anamwombea mwenziwe aongoke. Lakini wamerudi kusemezana, na kwa watu wa ua mmoja hilo si dogo. Zürich iliwachukua miaka 477 kufika hapo.